Bingwa wa Wanawake au Bingwa Mwanamke? Istilahi za Mashindano ya Sataranji

UTANGULIZI

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuyataja kwa Kiswahili mashindano ya wanawake ya mchezo wa sataranji, historia ya ubingwa wake, pamoja na vyeo wanavyotunukiwa wachezaji. Huenda msomaji akauliza kama mchezo usiochezwa na watu wengi nchini unastahili kupewa nafasi katika kurasa hizi. Jibu la swali hilo tulilipata Lushoto.

Tulikuwa tumepanda mlima kutoka Mombo, tukapita Soni, kwenda kuzungumza na walimu juu ya matumizi ya istilahi mashuleni. Mazungumzo yalipokwisha, mwalimu mmoja alitutolea vyeti viwili kutoka katika mkoba wake. Katika shule yake, iliyoko huko huko katika milima ya Usambara, yalifanyika mashindano ya sataranji yenye makundi mawili: kundi moja la wanafunzi wote, na kundi jingine la wasichana peke yao. Aliyeshinda katika kundi la wote alikuwa msichana.

Mwandishi wa vyeti alifuata orodha ya istilahi aliyokuwa nayo, nayo ililiita kundi la kwanza "mashindano ya wanaume". Kwa hiyo vyeti vya kundi hilo vilikuwa vimekwisha pigwa chapa "Bingwa wa Wavulana". Alipoletewa jina la msichana alidhani kwamba pana kosa, akalisahihisha kwa kuandika "Bingwa wa Wasichana". Hapo akajikuta ana mabingwa wawili wa wasichana. Akalimaliza tatizo kwa kumwandika yule aliyeshinda kundi la wasichana kuwa "Mshindi wa Pili". Hivyo, kwa ajili ya neno moja, wasichana wawili walipoteza haki yao. Wa kwanza alipoteza ushindi wake juu ya wavulana na wasichana wote wa shule. Wa pili alipoteza ubingwa alioupata kihalali.

Mwalimu yule hakutulaumu. Alitufunulia tu ile orodha ya istilahi iliyotumika. Ilikuwa ni rasimu tuliyoitayarisha sisi wenyewe.

MCHEZO NA MAJINA YAKE

Kabla ya kuendelea, yafaa tuutazame mchezo wenyewe na maneno ambayo lugha yetu inayo tayari. Sataranji ilianzia Bara Hindi, na kufikia karne ya 6 ilikuwa ikijulikana huko kwa jina la chaturanga, maana yake "viungo vinne", yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Kutoka huko iliingia Uajemi, kisha ikapokelewa na Waarabu, ambao waliiita shatranji. Kiswahili kililipata neno sataranji kwa njia hiyo ya Bahari ya Hindi, wala si kwa njia ya Ulaya. Wanaoandika "chesi" hawakosei, maana neno hilo nalo limeenea. Lakini si kweli kwamba lugha yetu ilikuwa haina jina la mchezo huu mpaka wakoloni walipofika.

Vivyo hivyo neno shaha, ambalo kwetu hutumika kwa kiongozi wa washairi, asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya mfalme. Ndilo linalosikika katika kauli ya kumaliza mchezo, shahamati, ambayo maana yake ni kwamba mfalme hana tena pa kukimbilia. Kwa hiyo mfasiri anayetafuta neno la hali hiyo asihangaike kubuni. Neno shahamati linafaa, nalo linajieleza kwa anayejua shaha ni nani.

Tena Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya michezo ya akili kutokana na bao. Tunayo kete, nyumba, kichwa, kimbi, mtaji na kutakata. Na mchezaji hodari tunamwita fundi. Pana jambo moja ambalo walimu wa hisabati wataliona la kupendeza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ubao wa sataranji una miraba 64 na kete 32. Mtoto aliyekua akiwatazama wazee wakicheza bao barazani hauoni ubao wa sataranji kuwa kitu kigeni mno. Mwalimu wetu wa Lushoto alitueleza kwamba baadhi ya wanafunzi wake humwita mfalme wa sataranji "zumbe", kama Washambaa walivyowaita watawala wao. Hatupendekezi neno hilo kwa matumizi ya taifa zima, lakini linaonyesha kwamba watoto wameupokea mchezo na kuuweka nyumbani.

Kete ya malkia inahitaji maelezo zaidi. Katika sataranji ya Waajemi na Waarabu kete hiyo haikuwa mwanamke; alikuwa mshauri wa mfalme, yaani waziri, naye alikwenda mraba mmoja tu kwa kukata pembe. Ulaya ndiko alikogeuzwa kuwa malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 akapewa uwezo wa kwenda pande zote kwa umbali wowote, hata akawa na nguvu kuliko kete zote. Wasomaji watakaokuta neno "waziri" katika maandishi yanayofuata mapokeo ya Kiarabu wasishangae. Kwa matumizi ya kawaida tunapendekeza malkia, kwa kuwa ndilo jina ambalo wachezaji wa leo wanalitumia.

HISTORIA YA UBINGWA WA WANAWAKE

Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, linalojulikana kwa kifupi FIDE, liliundwa mjini Paris mwaka 1924. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1927, shirikisho hilo liliandaa mjini London mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa wanawake. Wachezaji walikuwa 12. Mshindi alikuwa Vera Menchik, mzaliwa wa Moscow, ambaye katika michezo 11 alishinda 10 na kutoka sare mmoja. Alilitetea taji lake mara nyingi, na hakulipoteza mpaka alipouawa kwa bomu la Wajerumani mjini London mwaka 1944.

Jambo ambalo mfasiri anapaswa kulikumbuka ni kwamba Menchik hakucheza na wanawake tu. Mwaka 1929 alialikwa katika mashindano makubwa ya Karlsbad, ambako wachezaji wengine wote walikuwa wanaume. Mmoja wao, Albert Becker, alifanya mzaha akasema kwamba mtu yeyote atakayeshindwa na mwanamke huyo aingizwe katika chama kitakachoitwa kwa jina lake. Becker mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia. Katika miaka iliyofuata "chama" hicho kilimpata hata Max Euwe wa Uholanzi, ambaye mwaka 1935 alitwaa ubingwa wa dunia.

Baada ya kifo cha Menchik taji lilibaki bila mwenyewe mpaka yalipofanyika mashindano ya Moscow ya mwaka 1949 na 1950, yaliyompa ushindi Lyudmila Rudenko. Tangu hapo ubingwa ulikaa katika Urusi ya Kisovieti na jamhuri zilizoungana nayo kwa muda wa miaka 41. Elisaveta Bykova na Olga Rubtsova walipokezana taji, kisha mwaka 1962 likachukuliwa na Nona Gaprindashvili wa Georgia. Huyo alilishika miaka 16, akanyang'anywa mwaka 1978 na Maia Chiburdanidze, Mgeorgia mwenzake, aliyekuwa na umri wa miaka 17 tu. Mwaka 1991 Xie Jun wa China alimshinda Chiburdanidze, na tangu wakati huo China imetoa mabingwa wengi kuliko nchi nyingine yoyote, miongoni mwao Hou Yifan, aliyelitwaa taji mwaka 2010 akiwa na miaka 16, na Ju Wenjun, aliyelitwaa mwaka 2018 na kulitetea tena mwaka 2025.

Kwa upande wa timu za mataifa, Olimpiadi ya kwanza ya sataranji ya wanawake ilichezwa Emmen, Uholanzi, mwaka 1957.

Historia hii haikamiliki bila kumtaja Judit Polgár wa Hungaria. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 15, alipata cheo cha juu kabisa cha mchezo huu kwa masharti yale yale yanayowahusu wanaume. Hakugombea kamwe ubingwa wa dunia wa wanawake. Alichagua kucheza katika mashindano ya wote, na alifika nafasi ya nane kwa ubora duniani. Dada yake, Susan, yeye aligombea, akawa bingwa wa wanawake mwaka 1996. Ndugu hao wawili, waliolelewa katika nyumba moja, wanatuonyesha kwamba njia ni mbili. Na lugha inayotaka kueleza mambo kwa usahihi haina budi kuwa na maneno ya njia zote mbili.

AFRIKA MASHARIKI

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Uganda. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa watu maskini mjini Kampala, akafundishwa sataranji na Robert Katende. Aliichezea nchi yake katika Olimpiadi ya mwaka 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Katika Olimpiadi ya mwaka 2012 mjini Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko walipata cheo cha kwanza katika ngazi ya vyeo vya wanawake. Habari za Mutesi ziliandikwa katika kitabu mwaka 2012, na mwaka 2016 zikatengenezewa filamu, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Malkia wa Katwe".

Tangu hapo mtu anayeandika habari za michezo kwa Kiswahili hawezi kuyakwepa maneno haya. Mtafsiri wa redio, mwalimu anayeandaa mashindano ya shule na ofisa wa utamaduni anayejaza taarifa, wote hukutana na maswali yale yale.

MATATIZO MATATU YA ISTILAHI

La kwanza ni jina la kundi lisilo la wanawake. Katika kanuni za kimataifa kundi hilo si la wanaume, bali ni la kila mtu. Mwanamke anaruhusiwa kuingia, na wako walioingia. Kuliita "mashindano ya wanaume" ni kufunga mlango ambao kanuni zimeuacha wazi. Wako waliopendekeza "mashindano ya wazi". Tafsiri hiyo inafuata umbo la neno la Kiingereza lakini haifikishi maana, kwa kuwa kwetu kitu cha wazi ni kisichofichwa au kisichofunikwa, na nafasi iliyo wazi ni ile isiyo na mtu. Tunapendekeza "mashindano ya wote". Maneno hayo ni mepesi, yanaeleweka na mtoto wa darasa la tatu, na hayana tafsiri ya pili.

Tatizo la pili ni neno bingwa pamoja na sifa inayofuata. Linganisha kauli hizi mbili: "bingwa wa dunia wa wanawake" na "bingwa mwanamke wa dunia". Ya kwanza inaeleza mashindano: huyu ameshinda katika shindano la wanawake. Ya pili inaeleza mtu: huyu ni bingwa wa dunia nzima, naye ni mwanamke. Nona Gaprindashvili na Ju Wenjun wanastahili kauli ya kwanza. Kauli ya pili haijapata mwenyewe, maana hajatokea bado mwanamke aliyetwaa ubingwa wa dunia wa wote. Yule msichana wa Usambara, kwa kadiri ya shule yake, yeye alistahili ya pili. Naye akapewa ya kwanza.

Kiswahili hakina jinsia katika ngeli zake. Neno bingwa halibadiliki likimhusu mwanamume au mwanamke, na hiyo ni neema kubwa. Msichana aliyeshinda mashindano ya wote ni bingwa. Hapana haja ya kuongeza neno lolote. Tukitaka kumtaja kuwa ni msichana, jina lake na sentensi vitafanya kazi hiyo. Sifa iongezwe pale tu ambapo shindano lenyewe lilikuwa la wanawake peke yao.

Tatizo la tatu, ambalo ni gumu kuliko mengine, ni vyeo vya maisha. Ubingwa hushindaniwa na huweza kupotea mwakani. Lakini shirikisho la kimataifa hutoa pia vyeo ambavyo mchezaji akishavipata hubaki navyo. Waandishi wetu wamevitafsiri kwa neno lile lile bingwa, kwa kufuata mfano wa "daktari bingwa". Matokeo yake ni kwamba msomaji hajui kama mtu ametwaa taji au ametunukiwa cheo. Tunapendekeza bingwa libaki kuwa la mwenye taji, na mwenye cheo aitwe gwiji. Neno hilo tunalo, nalo lina maana ya mtu aliyefikia upeo wa ujuzi.

Kuna ngazi mbili za vyeo. Ngazi ya wote ina vyeo vinavyopatikana kwa mtu yeyote. Cha juu kabisa hutaka alama za ubora 2500, na kinachokifuata hutaka 2400, pamoja na matokeo yanayotakiwa katika mashindano kadhaa. Ngazi ya wanawake ilianzishwa mwaka 1950 kwa cheo kimoja, na mwaka 1976 kikaongezwa cha juu zaidi, ambacho hutaka alama 2300. Msomaji ataona kwamba cheo cha juu cha ngazi ya wanawake kiko chini ya cheo cha pili cha ngazi ya wote. Kama mfasiri ataziandika ngazi zote mbili kwa neno moja, atakuwa amempandisha mmoja isivyostahili na kumshusha mwingine isivyo haki. Gaprindashvili alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa cheo cha juu cha ngazi ya wote, mwaka 1978. Anayemwita "gwiji wa wanawake" anaifuta historia hiyo.

Huenda mtu akasema kwamba tunakuza jambo dogo. Gaprindashvili mwenyewe hakuliona dogo. Tamthilia moja ya televisheni, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Netflix ya Marekani, ilikuwa na sentensi iliyosema kwamba yeye ni bingwa wa wanawake ambaye hajapata kukabiliana na wanaume. Alikuwa amecheza na makumi ya wanaume. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 80, alifungua mashtaka mahakamani, na mwaka 2022 pande mbili zikapatana. Ni sentensi moja tu iliyompeleka mama huyo mahakamani.

Basi cheo cha ngazi ya wanawake tukiiteje? "Gwiji mkuu wa wanawake" hakifai, maana sikio la Mswahili, lililozoea mkuu wa wilaya na mkuu wa shule, litasikia "mkuu wa wanawake", yaani anayewatawala wanawake. Tulipoisoma kauli hiyo mbele ya walimu wa Lushoto, ukumbi mzima ulicheka, na kicheko hicho kilitutosha kuwa ushahidi. "Gwiji mkuu mwanamke" nayo haifai kwa sababu tuliyokwisha kuieleza: inamsifu mtu badala ya kutaja ngazi. Tunapendekeza "Gwiji Mkuu, Orodha ya Wanawake". Ni ndefu kidogo, lakini haimpunji mtu wala haimpi asichokuwa nacho.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, tunawaletea wasomaji istilahi zifuatazo:

Mashindano ya wote: kundi ambalo mtu yeyote huruhusiwa kuingia.
Mashindano ya wanawake: kundi la wanawake peke yao.
Bingwa: aliyeshinda mashindano ya wote, awe mwanamume au mwanamke.
Bingwa wa wanawake: aliyeshinda mashindano ya wanawake.
Gwiji Mkuu: mwenye cheo cha juu kabisa katika ngazi ya wote.
Gwiji wa Kimataifa: mwenye cheo kinachofuata.
Gwiji wa Shirikisho: mwenye cheo cha tatu.
Gwiji Mtarajiwa: mwenye cheo cha kuanzia.
Orodha ya Wanawake: maneno yanayoongezwa baada ya cheo chochote kati ya hivyo kinapotolewa katika ngazi ya wanawake. Hivyo Mutesi na Amoko mwaka 2012 walipata cheo cha Gwiji Mtarajiwa, Orodha ya Wanawake.
Alama za ubora: hesabu inayoonyesha nguvu ya mchezaji kutokana na matokeo yake.
Shahamati: hali ya mfalme kushambuliwa bila njia ya kuokoka.
Mkwamo: hali ya mchezaji kukosa pa kwenda ingawa mfalme wake hashambuliwi, mchezo huwa sare.

HITIMISHO

Istilahi haisimami kwa sababu imepigwa chapa. Mji wa Lushoto wenyewe ni ushahidi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, wakaliandika jina hilo katika ramani na barua zao zote. Leo wanaolijua ni wasomaji wa historia, na Lushoto ni Lushoto. Kwa hiyo hatuyaleti mapendekezo haya kama amri. Tunayaleta yajaribiwe madarasani, katika vyumba vya habari na maofisini, na kila atakayeona neno lililo bora zaidi tunamwomba atuandikie.

Jambo moja tu hatutaki kulingoja. Wale wote walio na rasimu yetu ya zamani tunawaomba wafute maneno "mashindano ya wanaume" mahali yanapohusu sataranji, na badala yake waandike "mashindano ya wote". Mwalimu yule wa Lushoto amekwisha kufanya hivyo. Kabla hatujaondoka alichukua karatasi mbili safi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Bingwa, Mashindano ya Wote" na "Bingwa, Mashindano ya Wasichana". Majina ya wenyewe aliyaandika kwa wino mweusi, akatuomba tuyasome kwa sauti ili ahakikishe kwamba safari hii hakuna lililokosewa.